Kunoa akili kwa Bhagavad Gita: mwongozo kamili kwa anayeanza

Arjuna hakuwa mjinga. Anaposimamisha gari lake la vita katikati ya majeshi mawili pale Kurukshetra, yeye ni mpiga upinde anayeogopwa, amefundwa na walimu wakubwa, na hoja zake za kukataa kupigana zimepangwa vizuri: ukoo utasambaratika, mila zitapotea, dhambi itawaangukia wote. Lakini mdomo umemkauka, ngozi inawaka, na upinde wake uitwao Gandiva unamponyoka mkononi. Krishna, mwendeshaji wa gari lake na kwa Wahindu wengi ni Mungu mwenyewe, anamjibu kikavu katika sura ya 2, ubeti wa 11: unawalilia wasiostahili kuliliwa, na huku unasema maneno ya wenye hekima.

Yaani moyo ulishaamua, akili ikatumwa kutafuta sababu. Hali hiyo tunayo wengi, tena waliosoma zaidi wanayo zaidi, kwa kuwa hawakosi sababu. Gita, yenye sura 18 na beti 700 ndani ya utenzi mkubwa wa Mahabharata, ni mazungumzo ya kuirudisha akili kwenye kazi yake ya kupima kabla moyo haujahukumu. Hatua zilizo hapa chini ni za kuifanyia kazi, si za kuijua tu.

Neno moja kwanza kwa Mwislamu au Mkristo anayesoma haya: kusoma Gita hakukubadilishi dini, na hakuna anayekudai shahada. Ila kumbuka kwamba kwa Wahindu hiki ni kitabu cha ibada. Usikiweke sakafuni, usikitumie kuegemezea mlango, na usikichukulie kama kijitabu cha mbinu za mafanikio.

Hatua ya 1: Jua nani anafanya nini ndani yako

Katha Upanishad, mojawapo ya maandiko ya kale ya Wahindu yaitwayo Upanishad, inasimulia habari za kijana Nachiketa aliyekaa siku tatu mlangoni kwa Yama, mungu wa mauti, akimngoja arudi, kisha akamuuliza kuhusu kifo. Katika mafundisho anayopewa kuna picha ambayo Wahindu wanaifahamu sana. Mwili ni gari. Milango ya fahamu ni farasi, na vitu tunavyoviona na kuvitamani ndizo njia wanazozikimbilia. Moyo, yaani *manas*, ni hatamu. Akili, *buddhi*, ni mwendeshaji. Mwenye safari ni Nafsi, *atman*, aliyekaa nyuma.

Tazama hatamu zilivyo katikati. Moyo wako unavutwa na farasi kwa mbele na unavutwa na mwendeshaji kwa nyuma, na atakayeshinda ni mwenye nguvu zaidi. Gita inaweka mpangilio huohuo katika 3:42: milango ya fahamu ina nguvu, moyo uko juu yake, akili iko juu ya moyo, na Nafsi iko juu ya akili. Kwa hiyo hupambani na tamaa uso kwa uso. Unamwimarisha mwendeshaji.

Zoezi la wiki ya kwanza ni hili tu. Kila ukijisikia kuvutwa, jiulize: huyu anayesema sasa ni nani? "Naona njaa" ni mwili. "Nataka ile" ni moyo. "Ile itanifaa au haitanifaa, na kwa nini?" ni akili. Usijizuie kwa lolote bado. Tambua sauti tu.

Hatua ya 2: Chagua nakala moja na ujue imetafsiriwa na nani

Tafuta nakala yenye nambari za beti na, ikiwezekana, maana ya neno kwa neno chini ya Kisanskriti, lugha yake ya asili. Kwa Kiingereza, Kihindi na Kigujarati zimejaa. Ukipata mbili, bora zaidi: penye utata utaziweka pamoja uone zinapotofautiana.

Kila mfasiri ana upande wake, na ni vizuri uujue. Shankara, mwanafalsafa wa karne ya 8, anasoma Gita kwa msimamo kwamba Nafsi na Mungu ni kitu kimoja hasa. Ramanuja anasema nafsi ni sehemu ya Mungu bila kuwa yeye mwenyewe. Madhva anasema ni tofauti kabisa. Wote watatu walikuwa wajuzi, na wote waliandika sherehe, yaani maandishi ya ufafanuzi, juu ya beti zilezile. Nakala nyingi unazozikuta leo zinafuata mmoja wao, hata kama jalada halisemi. Mimi naona anayeanza asishughulike na ugomvi huo mwaka wa kwanza, lakini asidanganywe kwamba haupo.

Usianze mwanzo ukaenda mpaka mwisho. Soma sura ya 1 mara moja kwa ajili ya kisa. Kisha kaa kwenye sura ya 2, beti 72, mpaka uizoee, kwa kuwa karibu kila jambo la kitabu limetajwa humo. Baada yake sura ya 3, ya 6, na ya 18. Sura ya 11, ambapo Krishna anajionyesha katika umbo lake la kutisha, iache kwa sasa. Inavutia mno, na watu wengi huikimbilia wakaacha kazi.

Hatua ya 3: Weka saa

Mapokeo yanapendekeza kipindi kiitwacho *brahma muhurta*, kinachoanza saa moja na nusu hivi kabla ya jua kuchomoza. Kwa Dar es Salaam au Mombasa ni kama kati ya saa kumi na nusu na saa kumi na moja alfajiri. Jirani yako anaamka kwa adhana, wewe unaamka kwa ubeti, na nyote mnaupata ule ukimya kabla bodaboda hazijaanza. Kama una mtoto mchanga au unafanya kazi za usiku, chagua saa nyingine usione haya: sura ya 6, beti za 16 na 17, inasema njia hii haimfai anayekula mno wala anayejinyima chakula, anayelala mno wala anayekesha.

Dakika ishirini zinatosha. Simu iwe chumba kingine. Wahindu wengi huanza kwa Gayatri, dua ya Rig Veda, andiko la kale la Wahindu (3.62.10), inayoelekezwa kwa Savitri, mungu wa jua. Ombi lake ni moja: azisukume akili zetu mbele. Hakuna mali wala watoto ndani yake. Kama dini yako haikuruhusu kuisoma, anza kwa dua ya kwenu yenye ombi kama hilo.

Hatua ya 4: Soma ubeti mmoja mpaka uuone nyumbani kwako

Katika Brihadaranyaka Upanishad, mwenye hekima Yajnavalkya anamwambia mkewe Maitreyi kwamba Nafsi ni ya kusikiwa, kutafakariwa na kuzamiwa. Waalimu wa Vedanta, yaani falsafa iliyojengwa juu ya Upanishad, wamezifanya hizo kuwa ngazi tatu: *shravana*, *manana*, *nididhyasana*. Ngazi ya kwanza, kusikia, ndiyo inayoharakishwa kuliko zote. Mtu anasoma beti thelathini, anapiga mstari kwa kalamu ya rangi, anafunga kitabu, na jioni hakumbuki hata mmoja.

Chukua 2:62 na 2:63. Kwa Kiswahili zinakuja hivi: *mtu akiviwaza vitu, hushikamana navyo; kushikamana huzaa tamaa; tamaa huzaa hasira; hasira huzaa upumbazo; upumbazo hupoteza kumbukumbu; kumbukumbu ikipotea, akili huangamia; akili ikiangamia, mtu kaangamia.*

Sasa uone nyumbani. Saa tatu usiku, baba mmoja amejilaza anapitisha kidole kwenye simu. Inatokea picha ya mtu aliyesoma naye sekondari, amesimama mbele ya nyumba aliyomaliza kuiezeka, bati la rangi, geti jeusi. Anaitazama, anapita, anarudi kuitazama tena. Hapo ndipo "kuviwaza vitu". Ikifika mara ya tatu, picha imeshakuwa yake: anapanga sebule. Huko ni kushikamana. Halafu inakuja tamaa: na mimi lazima, tena mwaka huu. Mke anaingia kuuliza habari ya ada ya muhula. Swali la kawaida kabisa, lakini limekaa kati yake na geti jeusi, basi anafoka. Mke anatoka. Katika ule upumbazo wa hasira anasahau kwamba wao wawili walikubaliana mwezi uliopita: ada kwanza, kiwanja baadaye. Hiyo ndiyo kumbukumbu inayopotea, yaani yale ambayo mtu mwenyewe aliyaamua alipokuwa ametulia. Saa tano usiku anabonyeza kukubali mkopo wa kwenye simu ambao riba yake asingeikubali saa nne asubuhi.

Hakuna hatua hata moja katika mlolongo huo iliyoonekana kubwa. Na ukimuuliza kosa lilikuwa wapi, atasema ni hasira, au ni mkopo. Ubeti unasema lilianza kwenye mara ya pili ya kutazama picha. Pale ndipo penye bei nafuu ya kukata. Kwenye hasira gharama imepanda, na kwenye mkopo mwendeshaji ameshadondoka garini.

Zoezi: kila jioni chukua tukio moja ambapo ulikasirika au ulifanya jambo ukajuta. Liandike kinyumenyume, kuanzia mwisho mpaka wazo la kwanza. Mwanzoni utafika kwenye hasira tu, nyuma yake giza. Endelea. Ukizoea utaanza kuliona wazo la kwanza lilipokaa, na baadaye utaliona likiwa ndiyo kwanza linaingia.

Kisha soma ubeti unaofuata, 2:64, kwa kuwa wengi huishia kwenye maangamizi wakadhani dawa ni kujifungia. Ubeti huo unamzungumzia mtu anayetembea katikati ya vitu hivyohivyo akiwa hatawaliwi na kupenda wala kuchukia, na unasema huyo hupata *prasada*, ule uangavu wa ndani. Na 2:65 inaongeza kwamba uangavu ukishafika, akili hutulia upesi. Simu unaweza kubaki nayo.

Kuhusu kuhifadhi kwa moyo: Gandhi, alipokuwa wakili Johannesburg, alibandika vipande vya karatasi vyenye beti za Gita ukutani mbele ya mahali pake pa kupigia mswaki. Mswaki ulimchukua dakika kumi na tano, na kwa njia hiyo alihifadhi sura kumi na tatu. Huna haja ya sura kumi na tatu. Zihifadhi 2:62 mpaka 2:65, kwa lugha yoyote uliyoizoea, zikufikie wakati ambao kitabu hakiko karibu.

Hatua ya 5: Bisha

Sura ya 4, ubeti wa 34, inataja mambo matatu ya mwanafunzi: unyenyekevu, kuhudumu, na *pariprashna*, kuuliza kwa kina. La tatu ndilo linalosahaulika. Arjuna anambishia Krishna waziwazi. Sura ya 3 inafunguka kwa lawama: kama unaona akili ni bora kuliko kutenda, mbona unanisukuma kwenye tendo hili la kutisha? Sura ya 5 inaanza kwa lawama nyingine ya namna hiyo. Katika 6:34 anasema moyo ni mgumu kuudhibiti kama upepo, na Krishna hamkatalii. Anakubali kwamba ni mgumu, kisha anampa mambo mawili: mazoezi ya kurudiarudia na kulegeza mshiko.

Kwa hiyo weka daftari la ubishi. Kila pingamizi liandikwe kwa sentensi moja kamili, kwa sababu pingamizi lisiloandikika mara nyingi ni hisia tu, na hiyo nayo ni habari njema kuijua. Mapingamizi makubwa yapo, usiyakwepe. Kwa nini kitabu cha utulivu kinamhimiza mtu apigane? Tilak, mpigania uhuru wa India aliyeandika sherehe yake akiwa mfungwa wa Waingereza huko Mandalay, Burma, aliisoma Gita kama wito wa kutenda. Gandhi aliisoma kama vita vya ndani ya moyo wa mtu. Na yale maneno ya 4:13 na ya sura ya 18 kuhusu matabaka manne ya jamii ya Kihindu? B. R. Ambedkar, aliyeongoza kamati ya kuandika rasimu ya Katiba ya India, aliishambulia Gita bila kuficha kwa jambo hilo. Soma pande zote. Akili inayomeza kila kitu kwa heshima haijanoleka, imebadilisha tu bwana.

Ubishi unakwenda vizuri zaidi mkiwa kundi. Swami Chinmayananda, kuanzia Pune mwaka 1951, aliwafundisha watu wa kawaida Upanishad na Gita kwa mihadhara ya wazi, na vikundi vidogo vya kusoma kila wiki vikaenea kutoka hapo. Watu watano sebuleni na ubeti mmoja wanatosha. Ukiwa Dar es Salaam, mahekalu ya Kisutu yako mlango kwa mlango; Mombasa, Nairobi na Kampala nako yapo. Nenda kwanza mchana, uliza ofisini kama kuna darasa la Gita na linaendeshwa kwa lugha gani, maana mengi ni ya Kigujarati au Kihindi. Viatu vinabaki nje, nyama haiingii, na penginepo wanaume na wanawake wanakaa pande tofauti.

Hatua ya 6: Ipe akili kesi za kuamua

Yama anamwambia Nachiketa kwamba kila mtu hujiwa na mambo mawili: *shreyas*, lenye manufaa, na *preyas*, lenye kupendeza. Mwenye busara huyazunguka yote mawili na kuyatenganisha. Gita katika 18:30 mpaka 18:32 inapanga akili kwa daraja tatu. Ya juu inajua lini pa kutenda na lini pa kuacha, nini cha kuogopa na nini si cha kuogopa. Ya kati inakosea vipimo. Ya chini inaona batili ndiyo haki, tena kwa uhakika kamili.

Tuseme mwalimu wa shule anaombwa na mwenzake kazini amdhamini mkopo wa SACCOS wa shilingi milioni tatu. Kabla ya kujibu, afungue ukurasa na kuandika mistari minne.

Ninachotaka: *nisionekane mchoyo.* Hapo moyo umesema, na umesema kweli, basi usiukemee.

Kinachopasa: *kumsaidia bila kuivunja nyumba yangu.* 

Atakayebeba: *akishindwa kulipa, makato yanakuja kwenye mshahara wangu, na ada ya wanangu inatoka humohumo.*

Ningemwambia nini mwingine: *ningemwambia kaka yangu amchangie laki moja ya wazi na asitie saini.*

Mstari wa nne ndio wenye kazi kubwa. Tukiamua mambo ya wengine, moyo hauna hisa, na akili inafanya kazi bila kusukumwa. Mara nyingi jibu linakuwa limeshapatikana hapo, na linalobaki ni ujasiri wa kulisema. Sura ya 18 imeliona hilo pia: furaha inayozaliwa na uangavu wa akili ni sumu mwanzoni na asali mwishoni (18:37). Furaha ya daraja la kati ni asali mwanzoni, na kila aliyewahi kudhamini mkopo anajua mwisho wake.

Anza na kesi ndogo. Mwalimu huyo asingeweza kuandika mistari ile kama hajawahi kuiandika kwa jambo la shilingi elfu kumi.

Hatua ya 7: Fanya kazi bila kulidai tunda

Ubeti wa 2:47 unajulikana kuliko wote: una haki juu ya tendo, huna haki juu ya matunda yake, na usiifanye hiyo kuwa sababu ya kukaa bure. Wengi wanauelewa kama wito wa kutojali matokeo. Fundi anayeshona nguo ya harusi lazima ajali kama itamkaa bibi harusi. Kinachoachwa ni ile hesabu inayopigwa wakati sindano iko mkononi: atanisifu, hatanisifu, atalipa lini. Hesabu hiyo inakula uangalifu uleule unaohitajika kwenye mshono. Chagua kazi moja ya kila siku, kuosha vyombo kunafaa sana, uifanye mpaka mwisho bila kumwambia mtu.

Hatua ya 8: Kaa kimya

Hii nimeiweka mwisho kwa makusudi. Watu hupenda kuanzia hapa, wakakaa na moyo uliojaa mikopo na ugomvi, wakashangaa hautulii.

Maelekezo ya sura ya 6 ni mafupi: mahali safi, kiti kisicho juu sana wala chini sana, mwili, kichwa na shingo vimenyooka. Chukua ubeti ulioufanyia kazi wiki nzima, usiuchambue tena, kaa nao. Moyo ukitoroka, urudishe, na popote utakapokwenda uurudishe tena kutoka hapo (6:26). Ubeti wa 25 unasema *polepole, polepole*, kwa akili iliyoshikwa na uthabiti. Dakika kumi. Ukijikuta una huzuni isiyoondoka, hulali, au mawazo ya kujidhuru, mwone daktari. Gita haikuandikwa kuchukua nafasi yake.

Utajuaje kama inafanya kazi

Arjuna aliuliza swali hilihili katika 2:54, na aliuliza kiutendaji: mtu mwenye akili thabiti anazungumzaje, anakaaje, anatembeaje? Hakuuliza anaota nini. Kwa hiyo usipime kwa mwanga uliouona ukiwa umefumba macho. Pima kwa muda unaopita kati ya kukasirika na kujua kwamba umekasirika. Pima kwa idadi ya maamuzi uliyoyabadilisha usiku baada ya kuyafanya mchana. Waulize unaoishi nao. Wao wataliona kabla yako.

Mafundisho yakikaribia mwisho, Krishna anamwachia Arjuna aamue. Katika 18:63 anamwambia: nimekupa elimu, itafakari yote bila kubakisha, kisha fanya unavyotaka. Ndipo Arjuna, katika 18:73, anasema kumbukumbu imemrudia.

Ukimaliza sura tano zile, soma Gita nzima kwa mpangilio wake, sasa pamoja na sura ya 11. Baada ya hapo shika Katha Upanishad, ambayo ni fupi na ina kisa cha kushikilia. Kisha sura ya 6 ya Chandogya, ambapo Uddalaka anamwambia mwanawe Shvetaketu, aliyerudi na majivuno baada ya miaka 12 ya masomo, atie chumvi majini na kesho yake alete ile chumvi. Vitabu vizito vya Vedanta vitasubiri mpaka uwe na mwalimu.